Joto la chumba, lakini chumba cha nani?

Swali ninaloulizwa kuliko yote darasani ni hili: "Dada, mbona biskuti zangu zimekuwa chapati?" Mtu kafuata kila kipimo, kapanga madonge yake vizuri kwenye trei, akifungua oveni anakuta shuka moja limetanda kona hadi kona, pembeni limeungua na katikati linameremeta mafuta.

Unga wake wala siuulizii. Nauliza: siagi ilikuwaje?

Resipe nyingi za biskuti za vipande vya chokoleti zinataka siagi "ya joto la chumba". Chumba cha nani? Asili ya biskuti hizi ni Whitman, Massachusetts, Marekani, ambako Ruth Wakefield na mumewe walikuwa na nyumba ya wageni iitwayo Toll House Inn. Resipe yake ilitoka kitabuni mwaka 1938. (Wapo wanaosimulia kwamba chokoleti iliangukia kwenye unga kwa bahati mbaya. Mimi siamini. Mama yule alikuwa amesomea mapishi.) Kwa waandishi wa kule, joto la chumba ni nyuzi 20 hivi. Jikoni kwangu Dar es Salaam, Januari, kipimajoto kinasoma 31 kabla sijagusa oveni, na siagi huyeyuka kabisa kati ya 32 na 35. Ukiisahau mezani ukaenda kupokea simu, ukirudi una mchuzi.

Ndani ya oveni kuna mashindano. Mafuta yanayeyuka na kuvuta donge litande, huku yai na unga vikijitahidi kushikana. Donge likiingia la baridi, mafuta yanachelewa na unga unawahi. Likiingia limelegea, limeshatanda hata mlango haujafungwa. Juzi nilioka trei mbili za unga uleule: moja papo hapo, nyingine baada ya kulala kwenye friji. Nilizipima kwa rula. Za kwanza zilifika sentimita 11, za pili 8 na tumbo juu.

Kwa hiyo mimi hutoa siagi kwenye friji dakika kumi tu kabla. Kidole kikiibonyeza kiache alama, kisizame. Gramu 115 za siagi napiga na gramu 100 za sukari ya kahawia na 50 za nyeupe, mpaka rangi ipauke. Linafuata yai moja na kijiko cha chai cha vanila. Kisha unga wa ngano gramu 170, nusu kijiko cha chai cha bekingi soda na robo ya chumvi, nikikoroga mpaka unga mkavu usionekane, basi. Mwisho gramu 150 za chokoleti nyeusi niliyoikatakata kwa kisu. Nafanya madonge ya gramu 35, yanatoka kama 18, yanalala kwenye friji saa mbili au usiku kucha.

Sukari ya kahawia usiiache. Ile molasi yake inashika unyevu, ndiyo inayofanya katikati pawe laini, na uchachu wake ndio unaoamsha bekingi soda. Ukikosa, kwangua sukari guru. Ladha inabadilika kidogo, na wanangu wanaipenda zaidi hiyo. Ila tafadhali, magadi si bekingi soda! Kuna mwanafunzi aliyatia, tukala biskuti zenye ladha ya sabuni. Na majarini laini ya kupaka mkate ina maji mengi na mafuta machache kuliko siagi, kwa hiyo usitegemee matokeo yaleyale.

Oveni iwe nyuzi 180, imeshapata moto kweli. Dakika 11. Zitoe pembeni zikiwa na rangi ya dhahabu na katikati pakionekana pabichi. Hapo ndipo wengi wanapata hofu na kuzirudisha. Ziache kwenye trei dakika kumi, zinaendelea kuiva zenyewe.

Wa jiko la mkaa, sufuria iwe nzito na uipashe kwanza. Chini acha vipande vitatu vinne vya makaa, mengi yawe juu ya mfuniko, na uchungulie kuanzia dakika ya 8. Za kwanza zitaungua chini. Zangu ziliungua pia, tukazikwangua tukanywea chai.