Blanketi la Farasi Zizini: Mpime Farasi, Usijipime Wewe

Baridi ikianza tu, ofisi yetu ya ustawi wa wanyama hupokea malalamiko ya namna mbili. La kwanza ni la mpita njia: "Kuna farasi hapa ameachwa bila blanketi, njooni." La pili huja wiki kadhaa baadaye, na mara nyingi linamhusu farasi aliyevishwa vizuri sana. Ana vidonda mabegani, au huamka amelowa jasho, au amekonda na hakuna aliyemwona akikonda. Yale ya kwanza ni mengi. Haya ya pili ndiyo yanayotupeleka mbele ya sheria.

Hatuna shaka kwamba wengi wenu mnawapenda wanyama wenu, na andiko hili halimlengi mkatili. Linamlenga mtu mwema anayetoka nje alfajiri, anaona vidole vyake vimekufa ganzi, kisha anakwenda kumwongezea farasi blanketi la tatu.

Farasi si mtu. Farasi mzima, mwenye afya, aliyeshiba na mwenye manyoya yake kamili, huweza kukaa bila kutumia nguvu ya ziada kujipasha joto mpaka karibu nyuzi 5 za Selsiasi. Aliyezoea baridi kali huvuka mpaka nyuzi 15 chini ya sifuri. Na huyo tunayemzungumzia yuko ndani ya zizi kavu, hapigwi na mvua wala upepo. Mara nyingi hahitaji kitu chochote mgongoni.

Manyoya yake ya baridi huanza kuota siku zinapofupika, muda mrefu kabla ya baridi yenyewe. Hewa ikipoa, kila unywele husimama na kunasa hewa ya joto karibu na ngozi. Ukimtandika blanketi jembamba, unayalaza manyoya hayo, na pengine joto ulilomnyang'anya ni kubwa kuliko ulilompa. Tumbo nalo ni jiko: nyasi zinapochachuka kwenye utumbo mpana hutoa joto usiku kucha. Kwa hiyo usiku wa baridi ongeza nyasi kavu kwanza, blanketi baadaye. Tafadhali pia msizibe madirisha ya zizi. Mkojo hutoa gesi kali ya amonia, amonia na vumbi huharibu mapafu, na hakuna blanketi linalotibu mapafu.

Wapo wanaohitaji blanketi kweli. Aliyenyolewa manyoya kwa sababu ya kazi ni wa kwanza, maana umemvua koti lake na ni juu yako kumrudishia jingine. Wengine ni mzee, aliyekonda, mgonjwa, mtoto, na aliyeletwa karibuni kutoka nchi ya joto, ambaye mwili wake huhitaji kama wiki tatu kuzoea. (Wenye punda: manyoya ya punda hayazuii maji kama ya farasi, basi msichukue vipimo vya farasi mkampa yeye.) Kwa upande wa pili kuna farasi mnene na poni, yaani farasi wa aina ndogo. Hao baridi ndiyo nafasi yao ya kupunguza mafuta. Ukiwafunika na kuwalisha kama kawaida, majani mapya yakichipua watakuwa bado wanene, na unene ni njia iliyonyooka ya kuelekea uvimbe wa kwato, ule unaomlemaza mnyama.

Sasa dukani. Gramu zilizoandikwa kwenye lebo ni uzito wa ujazo wa ndani kwa kila mita moja ya mraba, na hizo ndizo zinazokuambia joto. Sifuri ni shuka tu, 100 ni jepesi, 200 ni la kati, 300 na kuendelea ni zito. Maneno "jepesi" na "zito" kila mtengenezaji huyatumia apendavyo, kwa hiyo soma namba. Denia, ile namba ya 600 au 1200, hueleza uzito wa uzi wa kitambaa cha nje, yaani uimara wake wa kutochanika. Haihusiani na joto hata kidogo, na tumechoka kulisema hili. Blanketi la zizini pia halizuii maji. Ukimtoa nalo mvuani litalowa, litakuwa zito na litampoza.

Kipimo cha ukubwa huanzia katikati ya kifua, kikapita ubavuni hadi mwisho wa tako. Shingoni kiganja chako kipite bila kubanwa, na mikanda ya tumbo iache nafasi ya kiganja chini ya tumbo. Manyoya yaliyolika mabegani maana yake blanketi linabana au linavuta nyuma.

Kuna wanaosema farasi hawezi kusema anataka nini. Watafiti wa Norway walichapisha mwaka 2016 kazi waliyoifanya na farasi 23. Waliwafundisha kugusa ubao wenye alama kuomba kuvishwa, kuvuliwa au kuachwa walivyo. Hali ya hewa ilipokuwa nzuri waliomba kuvuliwa au kubaki bila kitu. Ilipokuwa mvua, upepo na baridi, waliomba blanketi.

Wako hana ubao, basi tumia mkono. Uingize chini ya blanketi, nyuma ya bega. Pakavu na pa vuguvugu panatosha. Pakiwa na unyevu, umemzidishia. Masikio ya baridi peke yake hayasemi lolote. Kutetemeka kunasema.

Afisa akija, utaratibu ni huu. Atajitambulisha, ataangalia maji, nyasi na matandazo, kisha ataomba blanketi livuliwe: mikanda ya miguu kwanza, ya tumbo ifuate, ya kifua mwisho. Ukianza na kifua na farasi akashtuka, blanketi hurudi nyuma na kumfunga miguu. Halafu atapapasa mbavu na kutoa alama ya hali ya mwili, kwa kawaida kwenye kipimo cha 1 (amekonda kabisa) hadi 9 (mnene kupindukia) kilichotungwa na mtafiti Henneke na wenzake mwaka 1983. Msimu uliopita nilisimama na saisi mmoja, yaani mtunza farasi, tukavua blanketi safi, bizimu zinang'aa. Chini yake mbavu zilihesabika, na kwenye mwinuko wa mabega palikuwa na kidonda upana wa kifuniko cha chupa, kimeshikana na kitambaa. Yule saisi alinyamaza. Alikuwa akimwona farasi huyo kila siku.

Mambo yakiwa hivyo, hatua ya kwanza kwa kawaida ni notisi ya maandishi inayotaja kasoro, marekebisho na muda wa kuyafanya. Sheria ya ustawi wa wanyama ya England na Wales ya mwaka 2006 ni mfano mzuri. Kifungu cha 9 kinamtaka mwenye mnyama atimize mahitaji yake, cha 10 kinahusu hiyo notisi, na cha 4 kinahusu mateso yasiyo ya lazima, ambayo tangu mwaka 2021 adhabu yake ya juu ni kifungo cha miaka 5. Mahakama inaweza pia kumzuia mtu kufuga. Kutojua kilicho chini ya blanketi si utetezi mzuri, kwa kuwa wajibu wa kumkagua ni wako. Vua kila siku, angalia ngozi, tafuta chawa. Usiazimishane blanketi, maana choa husafiri nalo.

Na wewe mpita njia unayetaka kutupigia: tueleze kama farasi anatetemeka, kama ana nyasi na maji, kama mbavu zinaonekana, na kama pana mahali pa kujikinga. "Hana blanketi" peke yake hatuifungulii jalada.