Jahazi la plastiki la Lamu lilijengwaje, na kwa nini ndala zake hazikuyeyushwa?

Mtu akisikia kwamba Lamu kuna jahazi lililojengwa kwa taka za plastiki na kuvikwa ndala za kila rangi kutoka omo hadi tezi, hudhani ndala zile zilitiwa motoni zikawa mbao. Sivyo. Ndala ziko nje tu, zimekatwa na kupachikwa juu ya ubavu wa chombo. Mkuku (uti wa chini wa chombo), mataruma (mbavu zake) na mbao vimetokana na plastiki za aina nyingine kabisa, na sababu iko ndani ya ndala yenyewe.

Chombo hicho kinaitwa Flipflopi. Wazo lilianza mwaka 2016 kwa Ben Morison, mfanyabiashara wa utalii, na kazi ya ujenzi ikaongozwa na Ali Skanda, fundi wa majahazi wa Lamu. Kiliteremshwa majini Septemba 2018. Kina urefu wa mita 9 hivi, kimekula tani 10 hivi za taka za plastiki, na ndala zilizokivika zinakadiriwa kufika 30,000. Januari 2019 kilishika njia ya kusini na upepo wa kaskazi, kama vyombo vya mwambao vilivyofanya tangu zamani, kikasafiri kilomita 500 hivi hadi Zanzibar.

Sasa turudi kwenye ndala. Nyingi zimetengenezwa kwa sponji inayojulikana kwa kifupi kama EVA. Kiwandani, sponji hiyo hupikwa pamoja na kemikali zinazotoa mapovu, na zingine zinazofungamanisha molekuli zake, ambazo ni ndefu kama nyuzi. Fundo hizo zikishakaza, hazifunguki tena kwa joto. Ukiipasha moto ndala, italainika kidogo, kisha itaungua na kutoa moshi mbaya kabla ya kuyeyuka. Dumu la mafuta ni tofauti: nyuzi zake zimelala pamoja bila kufungwa, kwa hiyo joto huziachia na ubaridi huzikamata upya, mara nyingi tu.

Kwa hiyo ndala haina njia nyingine ya maana ila kukatwa na kuchongwa. Jambo hili lilijulikana kaskazini mwa Lamu mapema. Mwishoni mwa miaka ya 1990, huko Kiunga, pepo za kusi zilipokuwa zikisukuma taka za bahari kuu hadi ufukweni ambako kasa hutaga mayai, wanawake wa vijiji vya pale walianza kuziokota ndala na kuzigeuza kuwa vinyago na mapambo, wakishirikiana na mhifadhi wa bahari Julie Church. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa Ocean Sole, ambayo hadi leo inachonga tembo, twiga na papa wa ndala jijini Nairobi. Baadhi ya wachongaji wake ni watu waliokuwa wakichonga miti.

Kutengeneza mbao za plastiki ni kazi ngumu zaidi, na nusu ya ugumu huo uko kwenye kuchambua. Plastiki zinafanana machoni lakini hazichanganyiki. Dumu, ndoo na chupa za shampuu mara nyingi ni polietilini ngumu, yenye namba 2 ndani ya pembetatu iliyochapwa kwenye kitako. Huyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi za sentigredi. Vizibo vingi ni namba 2 au namba 5, na namba 5 huyeyuka karibu na nyuzi 165. Chupa za maji ya kunywa ni namba 1, ambayo huhitaji nyuzi 250 hivi. Ukiweka vipande vya chupa ya maji kwenye mashine iliyowekwa nyuzi 190 kwa ajili ya madumu, vitabaki vigumu ndani ya ubao kama kokoto, na ubao utakatikia hapo hapo siku utakapopata mzigo. Mipira ya mabomba na namba 3 (PVC) kwa jumla ni hatari zaidi: ikizidishiwa joto hutoa gesi ya asidi inayochoma mapafu na kula chuma cha mashine.

Taka za ufukweni mara nyingi zimefutika namba. Hapo hutumika ndoo ya maji. Kata kipande cha ukubwa wa kucha, kitie kwenye maji yenye tone la sabuni ili viputo visikishike, kisha kizamishe kwa kidole na ukiachie. Namba 2, 4 (polietilini laini, kama ya mifuko) na 5 huelea. Chupa za maji, namba 3 na nyavu za nailoni huzama. Tahadhari ni moja tu: sponji na kitu chochote chenye hewa ndani kitaelea hata kama si cha aina hiyo, kwa hiyo kipimo hiki ni cha plastiki ngumu isiyo na mapovu. Usipime kwa kuchoma na kunusa moshi, ingawa wapo wanaofanya hivyo.

Baada ya kuchambua, plastiki huoshwa, hukaushwa na kusagwa. Kuosha si kwa ajili ya usafi peke yake. Mchanga wa pwani hunoa na kumaliza parafujo kubwa inayosukuma plastiki ndani ya mashine, na baadaye huharibu meno ya msumeno wa fundi. Maji yakibaki, hugeuka mvuke ndani ya plastiki moto na kuacha matundu. Rojo ya moto husukumwa kwenye kalibu ya chuma, na kalibu hupozwa, mara nyingi kwa maji. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika bila mtu kujua. Ngozi ya nje huganda kwanza, moyo ukiwa bado laini; moyo unapopoa baadaye husinyaa, na kwa kuwa ngozi imeshakaza, pengo hutokea katikati. Ubao unaonekana mzima kwa nje, lakini ukiukata unakuta mapango. Dawa yake ni kuendelea kusukuma rojo kwa shinikizo hadi mdomo wa kalibu ugande, na kutokuwa na haraka ya kupoza. Kipande kinene kama mkuku kinahitaji subira zaidi kuliko ubao mwembamba.

Ubao ukishapatikana, fundi wa jahazi anauchonga kwa zana zake zilezile, lakini nao una tabia zake. Ugumu wa polietilini dhidi ya kupinda ni kama moja ya kumi ya mbao nzuri ya kujengea vyombo. Tena, ukiuacha ubao wa plastiki chini ya mzigo kwa miezi, hulegea pole pole na haurudi. Ndiyo maana sehemu zinazobeba lazima ziwe nene zaidi na mataruma yakaribiane, na uzito wa chombo unapanda. Joto nalo lina vituko vyake: ubao wa mita 4 ukipata tofauti ya nyuzi 20 kati ya alfajiri na mchana hurefuka kwa milimita 12 hivi. Ukiubana kwa skrubu pande zote bila kuacha nafasi, utapinda au utapasuka kwenye tundu. Tundu hutobolewa pana kidogo kuliko skrubu, au refu kwa upande mmoja.

Kubwa kuliko yote ni kalafati, yaani kuziba maungio ya mbao yasipitishe maji. Katika jahazi la mti, pamba iliyolowekwa mafuta hushindiliwa kwenye maungio, kisha chombo kikishuka majini mbao hunywa maji, huvimba na kuibana ile pamba. Sehemu kubwa ya kuzuia maji inafanywa na mti wenyewe. Plastiki hainywi maji, haivimbi, wala gundi na rangi za kawaida hazishiki juu yake. Ujuzi wa vizazi unaotegemea kuvimba kwa mti hauna pa kushika hapo. Maungio yanapaswa kuwa ya kukutana barabara tangu nchi kavu. Kwa upande mwingine, wale wadudu wa baharini wanaotoboa mbao, ambao kwa ajili yao majahazi hupandishwa pwani kuunguzwa kidogo kwa nje na kupakwa deheni (mafuta mazito ya kulinda mbao), hawana chakula kwenye plastiki.

Je, chombo cha tani 10 kinasafisha bahari? Hapana, na hakikujengwa kwa hesabu hiyo. Kazi yake iko kwenye rangi. Jahazi la plastiki lisilo na ndala lingepita bandarini bila mtu kugeuka. Lililovikwa ndala linakusanya watoto, wavuvi na viongozi kabla halijafunga kamba, na kila mmoja anatambua juu yake kitu alichowahi kuvaa na kukitupa. Wakati linafika Zanzibar, Kenya ilikuwa imeshapiga marufuku mifuko ya plastiki tangu Agosti 2017, na Tanzania Bara ikafanya hivyo Juni 1, 2019. Mwaka 2021 lilipelekwa Ziwa Viktoria, kwa Wakenya, Waganda na Watanzania wanaotumia maji yaleyale. Kwa maoni yetu, sanaa ya namna hii hufaulu pale tu inapokuwa imetengenezwa kwa ufundi ambao wenyeji wanauheshimu tayari, na Lamu hakuna ufundi unaoheshimiwa kuliko wa vyombo.

Kikundi kinachotaka kuanza kisianze na jahazi wala na mashine ya kuyeyusha. Kianze na ndala. Ng'oa kanda zake, maana nyingi si za sponji. Sugua soli kwa brashi na sabuni, anika mpaka kiini kikauke, kisha zipange kwa unene. Soli ya sentimita 1.5 inahitaji tabaka 10 kupata bonge la sentimita 15, linalotosha kasa wa kiganja au ndege mdogo. Gundi ya viatu hupakwa pande zote mbili na kuachwa dakika 10 hadi 15, mpaka isinate kidoleni, ndipo tabaka hukutanishwa na kuwekewa uzito usiku kucha. Anayebandika gundi ikiwa mbichi atakuta tabaka zinaachana kisu kikipita. Kisu kiwe kikali sana, maana butu hurarua sponji badala ya kuikata. Msasa uje mwisho. Na chini ya meza litandikwe turubai, kwa sababu chenga za ndala huelea, upepo ukizirudisha majini samaki na ndege huzila, na kuzikusanya tena haiwezekani. Zikizolewa kila jioni na kutiwa guniani, zinajaza mito na magodoro.