Ribiti au Kuchomelea: Bodi ya Boti ya Alumini katika Bahari ya Tanga

Watu wanaokuja kuniona hapa Tanga wakiwa na nia ya kununua boti ya alumini, wawe wavuvi au wenye hoteli za ufukweni, huanza karibu wote kwa swali lile lile: "Fundi, ipi imara zaidi, ya ribiti au ya kuchomelewa?" Kwa namna linavyoulizwa, swali hilo halina jibu, kwa sababu uimara wa bodi hautokani na kiungo peke yake. Unatokana na aina ya aloi (yaani alumini iliyochanganywa na metali nyingine), unene wa bamba, mkono wa fundi aliyeunganisha, na mahali ambapo chombo kitalala maji yatakapokupwa. Kazi yangu ni kuunda na kutengeneza vyombo vya alumini, na ningependa kueleza jinsi viungo hivi viwili vinavyofanya kazi, kwa kuwa naona fedha nyingi za watu zikipotea kwa kukosa maelezo haya.

Bahari yetu ina tabia zake. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa katika pwani hii huzidi mita 3, na kwa kuwa vijiji vingi havina gati, vyombo hupwelewa juu ya mchanga, mawe au matumbawe, kisha maji yakirudi huviinua kidogo kidogo huku vikigongagonga chini kabla ya kuelea. Ndani ya ghuba, karibu na kisiwa cha Toten, maji ni matulivu muda mwingi wa mwaka. Ukitoka nje ya miamba kuelekea kisiwa cha Maziwe msimu wa kusi, hali ni nyingine kabisa, kwani wimbi hupiga tumbo la boti bila kupumzika tangu unapoondoka mpaka unapofika.

Ribiti ni pini ya metali yenye kichwa upande mmoja. Mabamba mawili hulazwa yakipandana, hutobolewa kwa pamoja, ribiti hupitishwa tunduni, kisha mtu mmoja hushikilia kipande kizito cha chuma upande mmoja huku mwenzake akigonga kwa nyundo ya upepo upande wa pili, mpaka mkia utanuke, ujaze tundu na kufanya kichwa cha pili. Kati ya mabamba hupakwa mpira wa kuzibia, kwa kuwa metali kubanana na metali peke yake hakuzuii maji. Nafasi kati ya ribiti na ribiti isiwe chini ya mara 3 ya kipenyo chake, na ribiti isikaribie ukingo wa bamba kwa umbali ulio chini ya mara 2 ya kipenyo hicho. Ukiukosea ukingo, bamba huchanika. Ufundi huu ulikomaa katika viwanda vya ndege. Kampuni ya Grumman ya Marekani, iliyokuwa ikiunda ndege za kivita, ilianza kutengeneza mitumbwi ya alumini yenye ribiti vita vilipokuwa vikimalizika mwaka 1945, ikitumia maarifa yale yale.

Faida kubwa ya ribiti ni kwamba haihitaji moto. Kila aloi hutajwa kwa namba yake. Mabamba ya aloi kama 5052 hupata ugumu wake kwa kukandamizwa na mitambo kiwandani, na aloi ya 6061 hupata ugumu wake kwa kupashwa joto kwa kipimo maalumu. Ukiyaunganisha kwa ribiti, ugumu huo unabaki wote. Ndiyo maana boti ya ribiti inaweza kuundwa kwa bamba jembamba la milimita 1.5 hadi 2.5, ikawa nyepesi kiasi cha kuvutwa ufukweni na watu wachache na kusukumwa na mashine ndogo.

Kuna faida ya pili ambayo haizungumzwi sana. Kiungo cha ribiti hulegea kidogo chini ya mzigo badala ya kukatika. Mafundi wa pwani hii walioshona mitepe, vyombo vya mbao vya zamani, kwa kamba za makumbi walipata manufaa ya namna hiyo: mbao zilizoshonwa zilijinyonga pamoja na wimbi na kustahimili kugusa chini. Vilevile ufa ukianza katika bamba moja la ribiti hukomea kwenye ukingo wa bamba hilo. Katika bodi iliyochomelewa metali yote imekuwa kitu kimoja, na ufa una njia wazi. Meli za mizigo za Liberty, zilizoundwa Marekani kwa chuma cha kuchomelea wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, zilionyesha jambo hilo kwa uchungu pale bodi za baadhi yao zilipopasuka, na mojawapo ya tiba zilizotumika ilikuwa kuongeza mikanda ya mabamba yaliyopigwa ribiti ili kuukatiza ufa. Alumini haivunjiki kwa baridi kama chuma kile, lakini njia ya ufa ni ile ile.

Udhaifu wa ribiti uko kwenye tundu lake. Kila wimbi linapopiga, bamba hujipinda na ribiti husukumwa upande. Baada ya miaka tundu hurefuka, mpira huzeeka, na maji yenye chumvi hupenya kati ya mabamba yaliyopandana. Humo ndani hewa haifiki, na alumini isiyopata oksijeni hushindwa kurudisha ngozi yake ya kinga, kwa hiyo huliwa polepole mahali ambapo jicho halioni. Hata hivyo, naupenda uungwana mmoja wa ribiti: huonya mapema. Utaona mzingo mweusi kama masizi kuzunguka kichwa chake, ambao ni unga wa alumini iliyosagika kwa kucheza, kisha utaona tone, kisha mtu anaanza kufua maji ngamani mara nyingi kuliko zamani. Una muda wa kuitoa ribiti hiyo na kupiga nyingine nene zaidi. Ninazozisema hapa ni ribiti za kugonga, zilizo jiti zima. Zile za kuvuta kwa bunduki ya mkono, ambazo wapiga bati hutumia kwenye mifereji ya paa, zina tundu katikati na mara nyingi hubakiza kipande cha chuma ndani. Chini ya mstari wa maji hazifai, na nimezikuta huko mara nyingi mno.

Kuchomelea alumini ni kazi ya subira. Alumini yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 660, lakini ngozi ya oksidi inayoifunika huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2,000, kwa hiyo fundi asiyeiondoa ngozi hiyo huyeyusha metali chini yake huku ngozi ikibaki imezama ndani ya kiungo. Bamba lazima lisafishwe mafuta kwa asetoni, lipigwe brashi ya stenlesi ambayo haijawahi kugusa chuma, na lichomelewe chini ya gesi ya agoni inayofukuza hewa. Unyevu, ambao hapa kwetu haukosekani, huingiza haidrojeni katika metali iliyoyeyuka na kuacha vitundu vidogo vidogo ndani yake. Upepo wa ufukweni nao hupeperusha ile gesi. Ninapomwona mtu anachomelea boti ya alumini chini ya mnazi huku upepo wa alasiri unavuma, najua bila kuikaribia kwamba kiungo kile kina povu ndani.

Zaidi ya hayo, joto hulainisha bamba pembeni mwa mchomeo. Aloi ya 5083, iliyo bora kwa bahari, hustahimili mkazo wa megapaskali (kipimo cha mkazo) zipatazo 215 kabla ya kujipinda bila kurudi, lakini sehemu iliyopashwa joto inaweza kushuka hadi karibu 125. Aloi ya 6061 hupoteza karibu nusu ya uwezo wake. Mbunifu mzuri hulijua hilo na hukadiria bodi nzima kwa nguvu ya ukanda ule dhaifu. Ndiyo sababu boti ya kuchomelewa huwa na bamba la milimita 4 au zaidi tumboni na 3 ubavuni. Unene huo ndio unaoleta sifa njema ya boti hizi, kuliko mchomeo wenyewe. Ukakamavu wa bamba dhidi ya kupinda hukua kwa mchemraba wa unene wake, maana yake bamba la milimita 4 ni kakamavu mara 8 kuliko la milimita 2. Tumbawe likilikwaruza, bado kuna nyama ya kutosha. Boti za Kilimanjaro zinazovuka kati ya Dar es Salaam na Zanzibar ni katamarani za alumini iliyochomelewa, na hakuna mtu ambaye angefikiria kuunda chombo cha ukubwa ule kwa ribiti siku hizi.

Gharama ya unene ni uzito. Mita moja ya mraba ya bamba la milimita 4 ina uzito wa kilo 10.8, na la milimita 2 ni nusu yake. Kwa boti yenye mita 20 za mraba za bamba, tofauti ni kilo 108, ambazo mashine italazimika kuzibeba kila safari na mwenye boti kuzilipia kwa petroli.

Kiungo kiwe cha aina gani, adui mkubwa ni metali nyingine. Mwaka 1895 mbunifu Nathanael Herreshoff aliunda Defender, jahazi la mashindano la Marekani lenye shaba nyeusi chini, alumini juu na mataruma (mbavu za ndani) ya chuma. Lilishinda, lakini maji ya chumvi yaligeuza metali hizo kuwa kama betri, alumini ikaliwa upesi, na mwaka 1901 likavunjwa. Kwa sababu hiyo hiyo usipake boti yako rangi yenye shaba, na usitandike sakafu ya mbao zilizotiwa dawa ya shaba ya kuzuia mchwa. Weka vipande vya zinki, viliwe badala ya alumini, na uvibadilishe vikiliwa hadi nusu. Jambo la ziada kwa wakazi wa Tanga, mji wa saruji na chokaa: usibebe mifuko hiyo katika boti ya alumini, kwani chokaa ikilowa huichuna ile ngozi ya kinga.

Sasa pendekezo langu. Kwa mtu anayefanya kazi ndani ya mikoko, ghubani au mdomoni mwa mto Pangani, ambaye boti yake huvutwa mchangani na haizidi mita 4 au 5, boti ya ribiti inatosha kabisa na itamgharimu kidogo. Ribiti zake anaweza kuzibadilisha ufukweni kwa msaada wa mtu mmoja. Kwa anayetoka nje ya miamba, anayelala juu ya matumbawe au anayebeba abiria, nasimama upande wa kuchomelea bila kusita, kwa sharti kwamba kazi imefanyika ndani ya karakana iliyofungwa na imepimwa. Mchomeo mbaya ni hatari kuliko ribiti mbaya, kwa kuwa hauonyi. Huenda ukaonekana laini na wa kupendeza kwa sababu tu umesuguliwa kwa grainda.

Kupima hakuhitaji mitambo ya gharama. Sugua chaki upande wa nje wa kiungo, paka mafuta ya taa upande wa ndani, subiri, kisha tazama kama doa limejitokeza kwenye chaki. Baada ya hapo chunguza kwa tochi mwisho wa kila taruma, pembe za fashini inapofungwa mashine, na kila mahali ambapo mchomeo ulianza au ulikomea, kwani nyufa huzaliwa hapo. Mwisho mwombe muuzaji cheti cha kiwanda cha bamba, kinachotaja 5083 au 5086 pamoja na kiwango cha ugumu wake. Aloi hizi hazitofautiani kwa macho wala kwa kuguswa, na bamba lisilo na karatasi mimi silitumii chini ya mstari wa maji.