Fidia ya Utumwa wa Karibi: Nani Alilipwa, Nani Anadai, na kwa Nini Hakuna Fomu ya Kujaza

Tangu Umoja wa Afrika ulipotangaza mwaka 2025 kuwa mwaka wa haki na fidia kwa Waafrika na watu wenye asili ya Afrika, dawati letu la kumbukumbu linapokea maswali mengi, na mengi yanataja visiwa vya Karibi. Wapo wanaouliza majina ya wanaotaka fidia yanapokelewa mpaka lini. Wapo ambao tayari wamewapa pesa mawakala walioahidi kuwaandikishia madai. Tunaamini wanaouliza wana nia njema, kwa hiyo tunaeleza jambo hili lilivyo.

Hakuna fomu. Dai mnalolisikia kutoka Karibi ni la serikali kwa serikali. Nchi za CARICOM, jumuiya ya nchi za Karibi, ziliunda tume yao ya fidia mwaka 2013, mwenyekiti wake akiwa mwanahistoria Hilary Beckles wa Barbados, na mwaka 2014 viongozi wao wakapitisha mpango wa hoja kumi unaozielekea serikali za Ulaya zilizoendesha utumwa ule. Hoja ya kwanza ni kuombwa radhi rasmi na kwa ukamilifu. Nyingine zinagusa afya ya umma, elimu na kufutiwa madeni. Mpango huo haumtaki mtu binafsi alete jina, kitambulisho wala ada. Anayekutoza pesa kwa kazi hiyo ni tapeli. Peleka taarifa polisi, ukiwa na stakabadhi au ujumbe wa simu uliotumiwa.

Lililo muhimu zaidi ni kwamba fidia ya utumwa wa Karibi ilishalipwa zamani, na waliolipwa ni waliokuwa wakimiliki watu. Sheria iliyopitishwa na Bunge la Uingereza mwaka 1833 ilitenga paundi milioni 20, kiasi kinachokaribia asilimia 40 ya matumizi ya serikali ile kwa mwaka. Ili kuzipata, serikali ilikopa paundi milioni 15 kutoka kwa mabenki yaliyoongozwa na Nathan Rothschild na Moses Montefiore. Wizara ya Fedha ya Uingereza imekiri kuwa salio la mwisho la deni hilo lilimalizwa mwaka 2015. Maana yake ni kwamba wajukuu na vitukuu wa watumwa, waliohamia London au Birmingham kutoka Jamaica na Barbados na kulipa kodi huko, walichangia kulipa deni la kuwafidia waliowamiliki babu zao. Watu waliotumikishwa, takriban 800,000 katika makoloni yaliyohusika, hawakupewa hata senti.

Utaratibu wa malipo ulikuwa hivi. Makamishna wa fidia walikaa London, na kila koloni likawa na makamishna wasaidizi. Mdai alileta madai kwa kiapo, akionyesha idadi ya watumwa na kazi zao: wa shamba, wa ufundi, wa nyumbani, wa bandarini, watoto, wazee. Kila daraja lilipangiwa thamani kwa kufuata bei za mauzo katika koloni hilo kati ya mwaka 1822 na 1830. Ndiyo sababu kwa mtumwa mmoja wa Guiana ya Uingereza (Guyana ya leo) bwana alilipwa wastani unaozidi paundi 50, na kwa wa Jamaica paundi 20 hivi. Anayemdai mwenye shamba kwa rehani, mahari au urithi aliruhusiwa kuweka pingamizi, na dai lenye pingamizi lilisubiri uamuzi kabla ya kulipwa. Mtu ambaye hakuandikwa kwenye daftari la watumwa la koloni hakulipiwa. Jumla yalikuja madai 46,000 hivi. Walioomba hawakuwa matajiri wa mashamba ya miwa peke yao. Walikuwemo wajane, mapadri na wafanyabiashara wa Uingereza ambao wengine hawakuwahi kukanyaga kisiwa chochote. Karibu nusu ya fedha yote ilibaki Uingereza kwa watu wapatao 3,000. John Gladstone, baba wa waziri mkuu William Gladstone, alipata zaidi ya paundi 100,000 kwa watu zaidi ya 2,500.

Kuna kosa ambalo tumeshalirekebisha mara nyingi, hata kwenye insha za wanafunzi wa vyuo: kuandika kwamba Uingereza ilikomesha utumwa mwaka 1807. Sivyo. Mwaka huo ilikatazwa biashara ya kusafirisha watumwa. Aliyekamatwa akiwasafirisha alitozwa faini ya paundi 100 kwa kila mtu aliyepakiwa, na meli ikataifishwa. Faini ilipoonekana ndogo kuliko faida, sheria ya 1811 ikaifanya kuwa jinai yenye adhabu ya kupelekwa uhamishoni hadi miaka 14, na ya 1824 ikaiita uharamia, adhabu yake kifo. Wakati wote huo aliyekuwa tayari Barbados au Antigua alibaki mtumwa, na mtoto wake alizaliwa mtumwa.

Wala tarehe 1 Agosti 1834, sheria ya 1833 ilipoanza kutumika, si siku walipoachiwa wote. Waliokuwa huru kamili ni watoto wa chini ya miaka sita, na wakazi wa Antigua na Bermuda, makoloni yaliyoamua kuruka kipindi cha mpito. Wengine waligeuzwa wanagenzi, wakilazimika kumfanyia kazi bwana yuleyule hadi saa 45 kwa wiki bila ujira. Aliyekaidi alipelekwa mbele ya hakimu maalumu, na huko Jamaica wanawake walipandishwa kwenye kinu cha kukanyagwa kwa miguu gerezani. Mpango huo ulivunjwa tarehe 1 Agosti 1838. Na tafadhali, tusiseme uhuru uliletwa na huruma ya Bunge. Miaka miwili kabla ya sheria ile, wakati wa Krismasi ya 1831, maelfu kwa maelfu ya watumwa wa Jamaica waligoma na kuinuka chini ya Samuel Sharpe, mhubiri wa Kibaptisti. Alinyongwa Mei 1832, na watu zaidi ya 300 waliuawa kwa hukumu. Bunge lilijua kinachofuata.

Wanaotaka kuchunguza wenyewe wana pa kuanzia. Daftari za watumwa zilianza Trinidad mwaka 1812 kwa amri ya mfalme, makoloni mengine yakafuata, kwa kusudi la kubana magendo ya watumwa. Kwa kawaida hutaja jina, umri, rangi, na kama mtu alizaliwa Afrika au visiwani. Wakati mwingine na jina la mama. UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2009. Madai ya fidia yamewekwa mtandaoni bure na University College London (UCL). Tahadhari moja: watu wengi wameandikwa jina moja tu, na majina ya ukoo yalikuja baadaye, mara nyingi kutoka kwa mwenye shamba, kanisa au jirani. Kuwa na jina la ukoo linalofanana na la mlipwaji si ushahidi wa nasaba. Na Mwafrika Mashariki asitafute kabila lake humo kwa haraka. Wengi wa waliopelekwa makoloni ya Uingereza walitoka pwani ya magharibi na Kongo.

Idadi zenyewe zinatisha. Zaidi ya watu milioni mbili waliteremshwa kwenye makoloni ya Uingereza ya Karibi. Hata tukitoa waliouzwa tena kwa Wahispania, mwaka 1834 humo walibaki chini ya 700,000 (wale 800,000 ni pamoja na makoloni ya nje ya Karibi). Miwa iliwamaliza. Ardhi ilibanwa na miwa hata chakula kikaagizwa, na chewa wa chumvi kutoka Atlantiki ya kaskazini, aliyekuwa posho ya mtumwa, leo anapikwa na tunda la aki kutoka Afrika Magharibi na kuwa mlo wa taifa wa Jamaica. Wapishi walioteswa ndio waliotengeneza mlo huo, na haki yao isisahaulike tunapousifu.

Uingereza haikuwa peke yake. Haiti, iliyokuwa koloni la Ufaransa, ilijikomboa kwa vita na kujitangaza huru tarehe 1 Januari 1804, lakini mwaka 1825 Ufaransa ilituma manowari na kuitoza faranga milioni 150 za kuwafidia wenye mashamba, zikapunguzwa baadaye kuwa milioni 90. Mikopo iliyotokana na tozo hiyo iliisumbua hadi mwaka 1947.

Utaratibu wa kumfidia bwana ulifika pia kwetu. Amri ya Zanzibar ya mwaka 1897 haikumwachia mtumwa moja kwa moja. Ilimbidi aende mahakamani kuomba, bwana wake akafidiwa, na aliyeachiwa akatakiwa kuonyesha makazi na njia ya kujikimu, la sivyo alihesabiwa mzururaji. Masuria waliachwa nje hadi mwaka 1909. Ukanda wa pwani ya Kenya ulifuata mwaka 1907, nao kwa fidia kwa mabwana. Mtafiti anayekuja kwetu kwa upande huu aulizie kumbukumbu za mahakama hizo. Ni miongoni mwa nyaraka chache ambamo mwombaji ni mtumwa mwenyewe.