Je, wajua ni nini hasa kinachoua spika njiani?

Ijumaa alasiri, kwenye barabara ya Kisumu kwenda Bondo, pikapu za kubeba muziki wa matanga utazijua ukiwa mbali. Spika zimesimamishwa wima nyuma, nyuso zimefunikwa kwa godoro kuukuu, kamba za mpira za blada zimekazwa juu yake, na kijana mmoja ameketi kwenye sabufa ili isirukeruke. Kesho yake mchungaji anashika maikrofoni, na spika moja inakwaruza kila anapofikia sauti nzito. Haikuanguka. Haikunyeshewa. Karatasi yake ya mbele haina hata alama ya kidole.

Maelezo hayakosekani. Vumbi la murram limeingia. Dijei wa usiku alifungua sauti kupita kiasi. Karatasi imetikiswa na matuta mpaka ikalegea. Hili la tatu ndilo linaloaminiwa zaidi, na ndiyo sababu godoro huwekwa mbele ya spika: koni ni karatasi, ukiibonyeza inabonyea, basi lazima ndiyo inayoumia. Ni imani inayoingia akilini, na karibu yote si kweli. Dijei ana hatia wakati mwingine, kwa kuwa koili, yaani waya uliozungushwa nyuma ya koni, ikiungua huvimba na kukwaruza vilevile. Lakini spika iliyopanda gari ikiwa nzima na kushuka ikiwa mbovu ina mshukiwa mwingine, naye amekaa nyuma kabisa ya sanduku, ambako hakuna aliyemkumbuka.

Tuanze na koni yenyewe. Kwenye spika ya inchi 15, koni na koili yake kwa pamoja zina uzito wa gramu mia moja hivi. Imeshikwa ukingoni na kitambaa au mpira laini, imeshikwa tena kwa ndani na kitambaa chenye mikunjo, na kazi yake ya kila siku ni kupiga mbele na nyuma makumi na mamia ya mara kwa sekunde. Kitu kilichoumbwa kwa kazi hiyo hakiogopi tuta. Kinachoiua njiani ni mwiko, kona ya meza au guu la stendi linaloipasua, na hayo yanazuiliwa na wavu wa chuma uliokuja nayo. Vumbi huweza kuingia kwenye koili kweli, hasa kifuniko cha katikati kikiwa kimebanduka, ila hilo huja polepole, si kwa usiku mmoja.

Kizito ni sumaku. Muundo tunaoutumia waliueleza Chester Rice na Edward Kellogg wa General Electric, Marekani, mwaka 1925, na haujabadilika sana tangu hapo: koili ya waya mwembamba imegundishwa nyuma ya koni na kuzama ndani ya pengo la mviringo kwenye chuma cha sumaku. Umeme wa sauti ukipita, koili husukumwa mbele na nyuma, nayo koni husukuma hewa. Pengo lazima liwe jembamba, maana likipanuka nguvu ya sumaku hupungua. Kwa hiyo nafasi iliyopo kati ya koili na chuma ni sehemu tu ya milimita kila upande.

Sasa, spika nyingi za bei ya kawaida hutumia sumaku ya feraiti, pete nene nyeusi iliyobanwa kati ya sahani mbili za chuma. Feraiti ni ya kauri, si rahisi kuitoboa ukatia skrubu, basi hushikwa kwa gundi. Jumla ya uzito huo, kilo tano, sita au zaidi kwenye spika kubwa, huning'inia nyuma ya fremu. Sanduku likisimama wima, kinachozuia sehemu kubwa ya mzigo huo isiteleze kwenda chini ni gundi. Pigo likizidi, gundi huachia, sumaku huhama kwa kiasi kisichofika unene wa ukucha, na pengo hujifunga upande mmoja. Kuanzia hapo koili husugua chuma kila inapotembea.

Kupima hakuhitaji mita. Zima amplifaya, ondoa wavu, tandaza vidole vya mikono yote miwili kuzunguka kifuniko cha katikati, kisha sukuma koni ndani kidogo huku nguvu ikigawanyika sawa kila upande. Iachie irudi. Spika nzima haisemi kitu. Ile ambayo sumaku imehama hutoa mkwaruzo mkavu, na mara nyingi utausikia kwenye vidole kabla ya masikio. Ila usukume sawasawa: ukielemea upande mmoja hata spika mpya itakwaruza, na utaipeleka kwa fundi bure.

Lakini haikuanguka, hilo pigo lilitoka wapi? Aliyewahi kukaa kiti cha mwisho cha matatu analijua jibu. Gari likivuka tuta kwa kasi, abiria wa nyuma huinuka kitini. Kuinuka hakuumizi. Kinachoumiza ni kurudi: kiti kinapanda, yeye anashuka, wanakutana katikati. Sanduku la spika ni abiria huyo, na kiti chake ni bati la pikapu lisilo na mto. Ndani yake kuna abiria wa pili, sumaku, ambaye mkanda wake ni gundi. Sanduku linapogonga bati husimama papo hapo, na sumaku bado iko safarini. Godoro la mbele linamfunika abiria uso, wakati anapoumia ni makalio.

Hesabu yake inashangaza kidogo. Sanduku likiruka sentimita 5 tu na kusimama ndani ya milimita moja, wastani wa nguvu inayoipata sumaku ni kama mara 50 ya uzito wake: kilo 6 zinaivuta gundi kana kwamba ni kilo 300. Sanduku hilohilo likitua juu ya sponji inayobonyea sentimita 2, nguvu hushuka hadi mara tatu na nusu, yaani kama kilo 21. Hii ni hesabu ya daftarini. Mbao za sanduku na fremu hupinda kidogo, na pigo halisi hupanda na kushuka badala ya kutulia kwenye wastani. Hata hivyo mwelekeo haubadiliki: sentimita mbili za kubonyea chini ya sanduku zina faida kuliko godoro zima mbele yake.

Basi godoro liende chini, na si godoro lolote. Sponji laini ikilaliwa na sabufa ya kilo 50 hubonyea yote hata kabla gari halijawashwa, na tuta la kwanza linakutana na bati. Inayofaa ni ile ngumu ya haidensiti. Huhitaji kununua godoro jipya. Mabaki hupatikana kwa mafundi wa viti, kama wale wa Kibuye mjini Kisumu. Kipimo changu ni kuweka sanduku juu yake na kutazama: ikibonyea zaidi ya theluthi ya unene wake, naongeza tabaka au natafuta ngumu zaidi.

Blada ni mali kwenye bodaboda, lakini abiria aliyefungwa kwa mpira bado anaruka, kisha anavutwa chini kwa kasi zaidi. Zitumie kushika turubai. Sanduku lenyewe lifungwe kwa mkanda wa kukaza wa malori, au kamba ya katani ambayo hainyumbuki sana, likazwe mpaka sponji ianze kubonyea kidogo. Likae karibu na kebini, mbele ya ekseli ya nyuma, kwa sababu ileile inayowafanya watu wagombanie viti vya mbele. Na kijana wa juu ya sabufa arudi ndani ya gari. Naye huruka kwenye tuta, kisha huuangukia mzigo.

Kuhusu kulaza spika, mafundi hawaafikiani. Ukiilaza chali, mtikisiko wa barabara hupita kwenye mhimili wa sumaku, na hapo si rahisi pengo kujifunga kwa upande. Hilo ni kweli, lakini ukingo wa fremu ndio unaobeba mzigo sasa, na mtu hakosi kuweka jenereta juu ya wavu. Spika ndogo ningezilaza; sabufa ningeiacha isimame, ikiwa na sponji ya kutosha chini.

Pigo kubwa zaidi mara nyingi halitoki barabarani hata kidogo. Ni lile la kushusha, watu wawili wamechoka, sanduku limebaki kiganja kimoja kufika chini na mmoja anaachia. Kiganja ni sentimita 15 au zaidi, na sakafu ya kanisa ni simiti. Kipande cha zulia kuukuu kinachotangulia kushuka garini kabla ya spika yoyote hakigharimu kitu. Sanduku refu likipinduka ni baya zaidi: kichwa chake hufika chini kwa kasi inayokaribia ya jiwe lililoachiwa kutoka kimo hichohicho.

Kwa mvua, fundi anayeshona turubai za malori atakushonea koti la spika na kulitia blanketi kwa ndani. Livue mkifika, maana plaiwudi ikikaa ndani ya turubai lenye unyevu huanza kuvimba kwenye kona.

Lipo jambo moja lisilogharimu chochote na linaloonekana kama uchawi. Chukua spika isiyo na amplifaya ndani, gonga koni kwa kidole: inatoa mlio mzito unaodumu. Sasa unganisha vichwa vyake viwili vya waya kwa kipande cha waya na ugonge tena. Mlio umekatika. Koili inayotembea ndani ya sumaku huzalisha umeme, na ukiupa njia ya kuzunguka, umeme huo huipinga koili isitembee. Spika imejifunga breki yenyewe. Mita za zamani za mshale husafirishwa vivyo hivyo, zikiwa na waya wa kuunganisha vichwa vyake ili mshale usiyumbe.

Breki hiyo huituliza koni tu. Haiishiki sumaku, na koni, kama tulivyoona, haikuwa na shida kubwa. Kwa hiyo waya huo ni nyongeza, haukai mahali pa sponji. Ukiutumia, ufunge kitambaa chekundu kirefu kitakachoning'inia mbele ya wavu, kwa sababu ukiwasha amplifaya kabla ya kuutoa, kitakachokwenda kwa fundi ni amplifaya.