Hapana, mimi sio kocha

Ukimwambia mtu unafanya utafiti wa fiziolojia ya mazoezi (jinsi mwili unavyofanya kazi ukiwa mazoezini) yeye anasikia kocha, na dakika 2 mbele anataka programu ya kupunguza tumbo. Nimeshazoea. Ila kuna dhana kama 5 hivi nazisikia kila mara, leo nizijibu.

"Lazima ulikuwa mkimbiaji mkali." Wapi. Kukimbia kunakusaidia kumwelewa mtu anayeteseka juu ya tredmili, basi. A.V. Hill, ambaye wengi tunamhesabu kama babu wa fani hii, Nobel yake ya 1922 aliipata kwa kupima joto la misuli, tena misuli ya vyura. Baadaye ndo akageukia binadamu wanaokimbia, na yeye mwenyewe akiwa mmoja wa waliopimwa.

"Unashinda na mastaa." Hii ndo inanichekesha zaidi maana mastaa hawana muda na sisi, nani akubali kudungwa sindano ya paja ili utoe kipande cha msuli wiki 3 kabla ya mbio? Tunaowapata ni wanafunzi na watu wa mbio za wikendi, unamwambia asinywe kahawa, asifanye mazoezi magumu jana yake, aje saa ileile ya juzi, anakuja amelala kwa saa 3 tu na kikombe mkononi, kipimo kimekufa. Chenyewe cha kutafuta VO2 max, yaani oksijeni nyingi kabisa ambayo mwili unaweza kutumia kwa dakika, kinachukua kama dakika 10 tu. Kuweka sawa mashine, kuomba kibali cha kamati ya maadili, kuomba ruzuku, kunyimwa, kuomba tena, hiyo ndo kazi.

"Utafiti wa watu 10 ni takataka." Hapa taratibu kidogo. Ni kweli sampuli zetu ni ndogo na zinatuponza, matokeo mengine mtu akirudia hayaonekani tena, sibishi. Lakini angalia 1966: watafiti Jonas Bergström na Eric Hultman wa Sweden walipanda baiskeli moja, huyu upande huu yule upande ule, kila mmoja anapiga pedeli kwa mguu mmoja mpaka mguu ugome na wa pili umetulia tu. Wakala wanga siku 3 huku wanachukua vipande vya msuli kwenye mapaja yote mawili. Mguu uliochoka ukaja kuwa na glikojeni (wanga uliohifadhiwa kwenye msuli) karibu mara 2 ya ule uliopumzika. Watu 2, nao ndo waandishi! Nguvu yake ni kwamba mguu mmoja ulikuwa kipimo cha mwenzake, damu ni ileile, chakula ni kilekile, tofauti ni kazi tu. Ile tabia ya kujaza wanga kabla ya marathoni mizizi yake iko huko. (Leo sijui kamati gani ingewapitishia.)

"Asidi laktiki ndo inakuumiza kesho yake." Laktati, yaani hiyo asidi laktiki ikiwa mwilini, inarudi kawaida ndani ya kama saa 1 baada ya kuacha, maumivu yanapanda siku ya 1 mpaka ya 3, sasa iumize vipi ikiwa haipo? Halafu ni kama petroli, misuli na moyo vinaichoma, mtafiti George Brooks amelisema hilo tangu miaka ya 1980 na bado jim wanaitukana.

"Mwenye VO2 max kubwa ndo anashinda." Ingekuwa hivyo tungegawa medali maabara. Mtafiti Michael Joyner mwaka 1991 aliunganisha vitu 3, VO2 max, kizingiti cha laktati (kasi ambayo laktati inaanza kujilundika kwenye damu) na uchumi wa kukimbia (oksijeni unayotumia kwa kasi fulani), akapiga hesabu kwamba binadamu mwenye vyote 3 vya juu kabisa angemaliza marathoni kwa 1:57:58. Wengi walimwona kachanganyikiwa. Mkenya Kelvin Kiptum alipokimbia marathoni kwa 2:00:35 Chicago 2023 kicheko kilikuwa kimeisha zamani. Lakini kumbuka ile ilikuwa hesabu ya mtu ambaye hayupo, ndo maana ukiniletea namba ya VO2 max iliyoonyeshwa na saa yako ya mkononi uniulize utakimbia muda gani, nitakuuliza kwanza wiki iliyopita umekimbia kilomita ngapi.