Je, Wajua Kwa Nini Alumini Hutoboka Bila Kuonya?

Fundi aliyezoea mageti ya chuma pale Kariobangi, Nairobi, akiamua kuunda manifoldi ya hewa, yaani lile bomba lenye matawi linaloigawia kila silinda ya injini hewa yake, jaribio la kwanza mara nyingi huwa hivi: anapasha moto, anangoja, hakuna kinachoyeyuka. Anaongeza moto kidogo. Mara kipande kizima kinaporomoka na kuacha shimo la kupitisha kidole. Mkono wake hauna kosa. Tatizo ni ngozi ya alumini.

Alumini ikiguswa na hewa huvaa papo hapo utando mwembamba wa oksidi. Yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, lakini utando huo huhitaji zaidi ya nyuzi 2,000. Hivyo ndani pameshakuwa uji na juu bado kuna gamba, kama maziwa yaliyochemka yakafunga utando. Gamba likipasuka, uji unamwagika. Na alumini haiivi wekundu kama chuma. Dalili pekee ni uso kung'aa ghafla kama kioo. Hapo ndipo rodi ya kujazia mshono huingizwa, wala si kabla.

Ndiyo maana alumini huchomelewa kwa TIG, yaani kwa ncha ya tungsteni iliyofunikwa na gesi, ya mkondo wa AC, ule unaogeukageuka. Mkondo unapogeuka upande mmoja huvunjavunja oksidi, ukigeuka upande wa pili huyeyusha alumini yenyewe. Inverta nyingi ndogo, zile mashine nyepesi za kuchomelea, ni za DC pekee, mkondo usiogeuka, kwa hiyo kabla ya kulipa hakikisha mashine imeandikwa AC/DC. Gesi iwe agoni tupu, lita 8 hadi 10 kwa dakika. Ule mchanganyiko wenye kaboni dioksaidi unaotumika kwa chuma utakuachia masizi meusi na mshono uliooza. Ncha ya tungsteni ya unene wa milimita 2.4 inatosha.

Kila aliyewahi kushika sufuria bila kishikio anajua jinsi alumini inavyosambaza joto. Anza kwa karibu ampea 40 kwa kila milimita ya unene, yaani 120 kwa bati la milimita 3. Dakika mbili baadaye kipande kizima kimeshapata moto na ampea zilezile zitakutoboa, hivyo legeza pedali kadiri unavyosonga. Kuunga bomba la milimita 3 kwenye fulenji ya milimita 12, lile bamba linalofungwa kwa bolti kwenye injini, ndiyo kazi ngumu kupita zote: pasha fulenji kwanza hadi tone la maji lichemke juu yake, kisha elekeza moto mwingi kwenye fulenji na uuache ulambe tu ukingo wa bomba.

Rodi inayofaa ni 4043, yenye silikoni kama asilimia 5. Wengi huchukua 5356 kwa sababu ina nguvu zaidi, lakini haifai mahali panapokaa juu ya nyuzi 65 kwa muda mrefu, na chini ya boneti hapo ni pa kawaida.

Sasa usafi, na hapa hapana njia ya mkato. Alumini iliyoyeyuka hunyonya haidrojeni nyingi kutoka kwenye mafuta na unyevu. Ikiganda inaitapika, na mshono unabaki na vitundu kama maandazi. Futa kwanza kwa asetoni, acha ikauke kabisa, ndipo usugue kwa brashi ya chuma cha pua ambayo haijawahi kugusa chuma kingine. Ukianza na brashi utayashindilia mafuta ndani. Asubuhi za baridi za Julai, kipande kilicholala nje huwa na umande usioonekana. Kipashe kidogo kwanza. Dawa ya kusafishia breki yenye klorini isikaribie kazi hii hata kidogo, kwa maana moto huigeuza kuwa fosijini, gesi inayoua.

Alumini hutanuka karibu maradufu ya chuma, kwa hiyo fulenji isiyofungwa itapinda. Ifunge kwa bolti kwenye silinda hedi (kichwa cha injini) iliyokufa au bamba nene la chuma, piga vidoti vya kushikilia kwanza, ruka kutoka tawi la mwisho kwenda la kwanza, na usifungue mpaka ipoe kabisa. Unapomaliza kila mshono usizime ghafla: shusha ampea taratibu huku ukiongeza tone la rodi, la sivyo kile kishimo cha mwisho kitapasuka. Weka rula nyoofu juu ya fulenji. Ikiwa filageji, kile kibati chembamba cha kupimia nafasi, ya milimita 0.1 inapita chini yake, ipeleke fulenji ikaskimiwe, yaani ikachongwe iwe bapa, kama hedi.

Mwisho, osha ndani hadi isibaki hata chembe ya msasa, maana itaishia kwenye silinda. Ziba matundu yote kwa mpira na bamba, ingiza hewa kidogo isiyozidi paundi 5 kwa inchi ya mraba, paka maji ya sabuni. Povu likitokea hata mahali pamoja, rudi kwenye tochi: hewa inayoingia hapo haipimwi na sensa, na injini itanguruma juu bila kukanyagwa.